Historia ya wanawake wa pwani, ukutani na kwenye jalada: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa vikundi vya mtaa, walimu, wachoraji na familia za pwani na visiwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, wanaotaka bibi zao wajulikane na watakaozaliwa kesho. Majibu yanahusu mambo mawili yanayokwenda pamoja: picha iliyo hadharani na jalada lililo nyuma yake. Bei hatukuziweka kwa sababu hupanda kila msimu. Vipimo tumeviweka.

Tuanze na ukuta au na nyaraka?

Anzeni na nyaraka, hata kama mfadhili ana haraka ya kuona rangi. Mchoro wa ukutani karibu na bahari, ukiangaliwa vizuri, hukaa miaka mitano hadi kumi kabla ya kuhitaji kuchorwa upya. Ukitelekezwa, masika mbili zinatosha kuuharibu. Jalada lililotunzwa hudumu kuliko sisi sote.

Kanuni tunayoishikilia ni hii: hakuna sura inayopanda ukutani kabla jalada lake halijakamilika. Jalada kamili lina mahojiano yaliyorekodiwa (na mwenyewe, au na watu wawili waliomjua ikiwa amefariki), angalau picha moja au kitu chake kimoja kilichoskaniwa, hati moja inayomtaja, karatasi ya idhini, na wasifu wa ukurasa mmoja unaoonyesha kila jambo limetoka kwa nani. Kwa wanawake sita, tengeni miezi mitatu hadi minne. Kuchora kwenyewe ni wiki mbili au tatu. Miradi mingi hupanga kinyume, na matokeo yake yanajulikana: jina limekosewa, mwaka haulingani, na siku ya uzinduzi mjukuu anasimama mbele ya watu kusema kwamba yule si bibi yake.

Tuchague wanawake gani? Maarufu si wanajulikana tayari?

Wanajulikana kwa jina, mara nyingi bila kazi zao. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mnamo 1880 hivi, akauza vyungu kwa miguu mjini Unguja kabla ya kuimba, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba mjini Dar es Salaam kabla ya kuongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kuanzia 1955. Hapo ndipo penye somo: wanawake wa vikundi vya ngoma walikuwa tayari na viongozi, michango na njia ya kupashana habari, na chama kikapita humo humo. Mombasa nako, vyama vya lelemama (ngoma ya wanawake) kama Ibinal Watan na Banu Saada vilikuwa na vyeo, sare na ushindani wa miaka. Ukimchora Bibi Titi peke yake akiwa jukwaani, umeiacha nje nusu ya historia yake.

Ushauri wetu ni kwa kila mwanamke mmoja anayejulikana kitaifa, wekeni watatu wa mtaa: somo (mfundaji wa wari), mkunga, mwalimu wa chuo cha Kurani, msuka ukili, mwuza vitumbua aliyesomesha watoto wa watu, mwanachama wa kikoa (kikundi cha kuchangiana). Hao ndio ambao hakuna atakayewaandika kama si ninyi.

Chunguzeni pia maisha yote ya mtu, sio sehemu inayopendeza tu. Mji wa Hamburg uliupa uwanja jina la Emily Ruete, yaani Sayyida Salme binti wa Sultani wa Zanzibar, mwaka 2019. Muda si mrefu baadaye ukaamua kuliondoa kwa sababu ya aliyoyaandika kuutetea utumwa katika kumbukumbu zake za 1886. Maneno hayo yalikuwa yamechapishwa zaidi ya karne nzima. Salme anastahili kusomwa na kuhifadhiwa, lakini anayemweka ukutani awe ameyasoma kwanza.

Nyaraka za serikali hazitaji wanawake. Tutafute wapi?

Zinawataja, ila chini ya vichwa visivyo vyao. Tafuteni kwenye daftari za mahakama za kadhi (talaka, mahari, mirathi, madai ya nyumba), hati za wakfu, daftari za watumwa walioachwa huru, vibali vya ngoma na mashauri ya viwanja. Kwa ukanda wa pwani ya Kenya, madai yaliyofunguliwa chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908 yanafaa sana, kwa sababu wanawake walijitokeza kudai mashamba na viwanja kwa majina yao. Kwa Unguja na Pemba nendeni Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani. Dar es Salaam ziko Upanga, na Nairobi ziko barabara ya Moi.

Kinachowakwamisha wengi ni tahajia. Karani wa kikoloni aliandika jina kama alivyolisikia. Kabla ya kwenda, andikeni namna zote za jina moja: Mwanaisha, Mwana Esha, Mwana Asha, Aisha, “binti” na “bint”, “wa” na “wad”. Andikeni pia jina la baba, la kila mume, la mtoto wa kwanza (wengi waliitwa Mama Fulani maisha yao yote) na jina la ngomani. Halafu msitafute kwa jina pekee. Tafuteni kwa mtaa na kwa mwaka, mkisoma daftari ukurasa kwa ukurasa.

Kwa kawaida majalada ya serikali hufunguliwa baada ya miaka 30. Watafiti huhitaji kibali, na kibali huchukua muda, kwa hiyo ombeni mapema. Ndani ya chumba cha kusomea tumieni penseli tu, na kila mnaponakili andikeni papo hapo namba ya jalada na ya ukurasa. Nukuu isiyo na namba ni kama hamkuiona.

Tumhoji vipi bibi wa miaka themanini?

Siku ya kwanza msipeleke kinasa sauti. Nendeni na mtu anayemjua, mwamkieni, elezeni mnachotaka na kwa nini, mnywe chai, muondoke. Mkono mtupu haulambwi: sukari, majani ya chai au doti ya kanga ni adabu, lakini msilipie maelezo, kwa sababu malipo huvuta maelezo kuelekea kile anachodhani mnataka.

Siku ya kurekodi, chagueni saa ambayo hapiki wala haswali. Asubuhi baada ya saa tatu hufaa. Kikao kisizidi dakika 60 hadi 90. Mhoji awe mwanamke ikiwezekana, na waulizeni wakwe na wanaume wa nyumba kwa heshima wakae chumba kingine. Mbele ya mwanawe wa kiume, mama wengi hawatasimulia ndoa ya kwanza.

Kipaza sauti kikae sentimita 20 hadi 30 kutoka kinywani, juu ya kitambaa kilichokunjwa, kisikae kwenye meza tupu. Zimeni feni, televisheni na friji kwa muda huo (wekeni ufunguo wa gari au simu yenu ndani ya friji ili msisahau kuiwasha tena). Simu ikitumika kurekodia, iwe haishiki mtandao, kwani simu moja ikiingia hukata faili. Rekodini kwa WAV, hertzi 48,000, biti 24. Saa moja ya sauti ya chaneli moja ni takriban megabaiti 520. Msirekodi kwa programu za kutumiana ujumbe, maana zinabana sauti na kilichobanwa hakirudi.

Anzeni kwa kusema tarehe, mahali, majina ya waliopo, na kumwuliza kama anakubali kurekodiwa. Kisha msiulize “ulizaliwa lini”. Ulizeni kwa matukio: ulikuwa umeolewa wakati wa Uhuru? Mwaka wa Mapinduzi, 1964, mlikuwa mkiishi nyumba gani? Azimio la Arusha lilipotangazwa mlikuwa na watoto wangapi? Wakati wa vita vya Kagera nani alikuwa hai? Kwa majibu matano ya namna hiyo mtaupata mwaka wa kuzaliwa ukiwa na tofauti ndogo.

Mwonyesheni vitu: picha, kanga, kaseti, kinu. Mpeni kitu mkononi na mnyamaze. Akisema jambo linalopingana na kitabu, msimsahihishe. Mnaandika “amesema hivi” kwenye jalada na hati inayopingana mnaiweka kando yake. Wimbo akiuimba, mwacheni amalize hata beti zikiwa ishirini, kisha muulize nani aliutunga, uliimbwa wapi, na ulimlenga nani. Swali hilo la mwisho ndilo hufungua mlango.

Idhini iandikwe vipi?

Kwa vipengele, sio kwa “nakubali” moja. Muulize juu ya kila kimoja: familia kusikiliza, watafiti kusikiliza, sauti kutolewa kwa umma, jina lake kutajwa, sura yake kuchorwa ukutani. Anaweza kukubali vitatu na kukataa viwili. Kama hasomi, msomeeni kwa Kiswahili cha nyumbani kwake na murekodi jibu lake kwa sauti. Hiyo ndiyo idhini, na ina nguvu kuliko dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa.

Muelezeni pia anaweza kufunga sehemu fulani kwa miaka kadhaa, kwa mfano hadi watajwa wote wawe wamefariki. Habari za talaka, uchawi, uzazi nje ya ndoa au asili ya utumwa katika ukoo huumiza walio hai, na mtaani kila mtu anamjua kila mtu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2019, na Tanzania ya 2022. Zote zinataka mtu ajue taarifa zake zinatumika kwa nini. Mpelekeeni nakala ya mahojiano ndani ya mwezi mmoja, katika kifaa anachoweza kukitumia nyumbani. Ahadi hii huvunjwa kuliko zote, na ikivunjwa mtaa mzima hufunga milango.

Picha za familia tuziskani namna gani?

Nyumbani kwao, na ziondoke machoni pao kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mkibeba, andikishianeni orodha na mrudishe siku ile ile.

Picha ndogo iliyochapishwa iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, yenye rangi hata kama ni ya nyeusi na nyeupe, ihifadhiwe kama TIFF. Picha ya sentimita 10 kwa 15 hutoa faili la megabaiti 25 hivi. Hati za maandishi zinatosha kwa nukta 300 hadi 400. Negativu ndogo za milimita 35 zinahitaji 2,400 au zaidi. Skanini upande wa nyuma pia. Nyuma ndiko kuliko na mwandiko, tarehe na mhuri wa studio, na mhuri wa Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, kwa mfano, unakwambia picha si ya kabla ya 1930.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu msiibandue, kwa sababu tabaka la picha hubaki kwenye kioo. Ipigeni picha hapo hapo, kioo kikiwa kimefutwa na mwanga ukitoka pande mbili kwa pembe ya nyuzi 45. Iliyoganda kwenye albamu ya gundi, pitisheni uzi wa kusafishia meno chini yake taratibu, na ikikataa iacheni. Msitumie joto. Msilaminishe kamwe: plastiki ile huyeyushwa juu ya picha na haitoki tena. Maelezo ya nyuma yaandikwe kwa penseli laini kwenye ukingo, kwani wino wa kalamu hupenya hadi usoni. Kwa kuhifadhia tumieni bahasha za karatasi isiyo na asidi au plastiki ya poliesta au polietilini. Albamu za plastiki laini yenye harufu kali, ile ya PVC, zinatoa kemikali inayokula picha.

Kisha kaeni na mwenye picha na mwandike nani ni nani, kutoka kushoto, mstari kwa mstari. Fanyeni hivyo leo.

Tuna kaseti za taarabu na za harusi, na santuri za zamani. Tuzichezeshe?

Tazameni kwanza. Kaseti yenye unga mweupe kwenye kingo za utepe ina fangasi: isichezeshwe, itengeni kwenye mfuko na mpeleke kwa fundi, kwa sababu itachafua mashine na kaseti zote zitakazofuata. Iliyo safi ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja ili utepe ulegee. Safisheni kichwa cha mashine kwa spiriti ya isopropili, kisha mchezeshe mara moja tu huku mkirekodi kwa biti 24, hertzi 48,000 au 96,000. Utepe ukikatika au kopo (ganda la kaseti) likivunjika, utepe huhamishiwa kwenye kopo jipya lenye skrubu.

Santuri za mzunguko wa 78, za enzi ya Siti, zinahitaji sindano nene kuliko ya santuri za plastiki. Sindano ya kisasa hutambaa chini ya mfereji na kuuchimba. Zioshwe kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini, lebo ikiwa imekingwa. Spiriti isizikaribie hata kidogo, kwani inayeyusha shelaki iliyotumika kuzitengeneza. Zisimamishwe wima, zisilundikwe.

Kanga nazo ni nyaraka?

Ni miongoni mwa nyaraka bora za wanawake wa pwani, na ndizo zinazopotea haraka kwa sababu huvaliwa mpaka ziwe mbeleko, kisha tambara. Zilichapishwa kwa harusi, kwa uchaguzi, kwa uhuru, kwa ugomvi wa wake wenza. Mwanamke ambaye hakuandika barua hata moja ameacha doti arobaini sandukuni, kila moja na neno lake na mtu aliyelengwa.

Kwa kila kanga (leso, kwa wa Mombasa) andikeni: vipimo, ambavyo kwa kawaida ni takriban sentimita 150 kwa 110, maelezo ya pindo, ya mji (sehemu ya kati) na rangi, jina (msemo wake) kama lilivyochapishwa, makosa yake yakiwemo, na maandishi madogo ya ukingoni. Hayo ya ukingoni wengi huyaruka, nayo ndiyo yanayotaja mwenye mali na namba ya muundo, kama zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zenye “Mali ya Abdulla”. Jina la kanga lililo kwa herufi za Kiarabu kwa kawaida huashiria ni ya zamani zaidi. Halafu ulizeni: ilinunuliwa na nani, ilivaliwa siku gani, ilimwambia nani nini?

Kuihifadhi: kama imetumika, ioshwe kwa mkono kwa maji baridi na sabuni isiyo na kemikali ya kung’arisha, baada ya kujaribu tone la maji kwenye kona na kubonyeza kitambaa cheupe kuona kama inachuja. Ikauke kivulini. Isitiwe wanga, maana wanga huita wadudu. Isifukizwe udi wala kupakwa mafuta mazuri kabla ya kuwekwa, ingawa ndiyo desturi: moshi na mafuta huacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Iviringishwe kwenye bomba la karatasi lenye upana wa sentimita 8 hadi 10 lililofunikwa marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) iliyofuliwa, kisha ifunikwe kwa marekani nyingine. Ikikunjwa, mikunjo ijazwe kitambaa na ibadilishwe kila miezi sita, la sivyo hukatika kwenye mstari. Kasha la mbao ni zuri kwa macho, lakini mvuke wa mbao huharibu nguo, kwa hiyo ndani litandikwe marekani na ibadilishwe kila mwaka.

Wadudu wakionekana, tieni kanga kwenye mfuko wa plastiki, toeni hewa, fungeni, na muweke kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa siku 14. Mkiitoa, msifungue mfuko kwa saa 24. Umande ukae nje ya plastiki, usiingie kwenye kitambaa.

Tuhifadhi wapi haya yote?

Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mji mwingine. Diski ngumu moja iliyo kwenye kabati la ofisi haihesabiki kuwa hifadhi. Zifungueni zote kila miezi sita, na kila miaka mitano mhamishie kwenye diski mpya.

Faili lipewe namba fupi isiyobadilika, mfano 2025-007-P03: mwaka wa kupokea, mtu wa saba, picha ya tatu. Jina la mtu lisiwe kwenye jina la faili, kwa sababu tahajia itabadilika. Maelezo yote yaende kwenye daftari moja la orodha, na daftari hilo lichapishwe kwenye karatasi pia.

Kwa vitu halisi, adui wa pwani ni unyevu. Ukizidi asilimia 65 fangasi huanza, na pwani huzidi hapo miezi mingi. Kipimo kidogo cha unyevu si ghali. Masanduku yakae sentimita 15 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani, mbali na ukuta wa nje, bila kubanana. Mchwa hupita kwenye miguu ya rafu za mbao, kwa hiyo tumieni za chuma. Kama hamna chumba cha kutunzia, vipelekeni kwenye makumbusho, chuo kikuu au nyaraka za taifa kwa mkataba unaosema nani mmiliki, nani aruhusiwe kuona, na familia itapataje nakala.

Ukuta gani unafaa?

Ulio imara, mkavu, wenye paa linalotokeza, na wenye mwenyewe aliyetia saini. Bandikeni karatasi ya plastiki ya sentimita 50 kwa 50, pande zote zikiwa zimezibwa kwa utepe, muiache saa 24. Matone yakijikusanya ndani, ukuta una maji na hakuna rangi itakayoshika. Lipu mpya isubiri siku 28.

Ruhusa ziwe za maandishi: mwenye nyumba, serikali ya mtaa au sheha, na halmashauri, manispaa au kaunti. Kwa Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa kale wa Lamu, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 2000 na 2001, lazima pia mamlaka ya uhifadhi. Huko, kwa maoni yetu, msichore moja kwa moja. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua, na rangi ya plastiki huziba unyevu ndani mpaka chokaa inamomonyoka na mchoro kuanguka nao. Choreni kwenye plaiwudi ya baharini au vibao vya alumini, vifungwe kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu kwenye viungio, vikiachana na ukuta sentimita 3 hewa ipite.

Rangi kiasi gani?

Tuchukue ukuta wa mita 8 kwa 3, yaani mita za mraba 24, wenye lipu ya saruji. Kwenye ukuta wa mkwaruzo wa kawaida, lita moja hufunika mita za mraba 8 hivi. Praima ya kuzuia alkali, mkono mmoja: lita 3, nunueni galoni ya lita 4. Nyeupe ya akriliki ya nje, mikono miwili: lita 6, nunueni galoni mbili. Rangi ya mandhari: lita 4. Rangi za kuchanganya: lita moja moja ya nyeusi, buluu, kijani, udongo mwekundu, udongo wa manjano na nyekundu kali, na lita 2 za nyeupe ya kuchanganyia. Rola mbili, brashi za inchi 3, 2, 1 na nusu, msasa, na jukwaa la chuma.

Kwa sura na ngozi tegemeeni rangi za udongo, yaani zitokanazo na oksidi ya chuma. Nyekundu na njano kali za bei rahisi hupauka jua la mwaka mmoja, na sura iliyochanganywa nazo hugeuka kijivu.

Kuhamisha mchoro: chora kwenye karatasi ya sentimita 80 kwa 30, igawe miraba ya sentimita 5, na ukutani piga miraba ya sentimita 50 kwa uzi uliopakwa unga wa chaki. Itakuwa miraba 96. Choreni Juni hadi Septemba, masika ikiwa imepita, kwa kufuata kivuli: rangi ikikaukia kwenye ukuta wa moto hupasuka. Upepo wa kusi una nguvu, hivyo jukwaa lifungwe.

Kwa nini rangi hubanduka baada ya miezi michache?

Mara nyingi ni chumvi. Maji hupanda kutoka msingini au hupenya kwenye ufa juu, huyeyusha chumvi ya mchanga wa pwani, na yakikauka chumvi huvimba nyuma ya rangi. Mtaona unga mweupe na mapovu. Unga huo ukwanguliwe kwa brashi kavu. Mkiuosha, chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Zibeni kwanza chanzo: mfereji wa paa, bomba, udongo uliorundikwa ukutani.

Fangasi weusi ni jambo tofauti. Pakeni dawa ya klorini (jiki) kiasi kimoja kwa maji vitatu, dakika 15, suuzeni, muache siku mbili. Chini ya ukuta achieni sentimita 60 za rangi nzito isiyo na mchoro, kwa sababu hapo ndipo panaporukiwa na matope na kuegemezwa baiskeli.

Familia haitaki sura yake ichorwe. Tuache?

Sura iachwe, mwanamke asiachwe. Zipo njia nyingi, na baadhi ni nzuri kuliko sura: pindo la kanga yake likizunguka ukuta mzima, mikono yake ikisuka ukili, jina lake kwa khati, chombo cha kazi yake, au beti. Utendi wa Mwana Kupona, alioutungia binti yake mwaka 1858, hauna tena haki miliki, hivyo beti zake zinatumika bila ombi. Mashairi ya mtunzi aliye hai au aliyefariki hivi karibuni yanahitaji ruhusa: Kenya na Tanzania haki hudumu miaka 50 baada ya kifo.

Na sanamu?

Sanamu ina uzito wake, kama ile ya Mekatilili wa Menza mjini Malindi, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza 1913 na 1914. Lakini inahitaji msingi, mhandisi, na fedha ya kuitunza kila mwaka. Ya saruji karibu na bahari, nondo zake zikifunikwa kwa chini ya sentimita 4 hadi 5, hushika kutu na kupasua saruji kutoka ndani. Kikundi cha mtaa kianze na ukuta.

Ukutani tuandike nini?

Jina kamili alilolitumia mwenyewe, miaka yake (“takriban” ikiwa hamna hakika), na maneno 40 hadi 60 ya alichofanya. Msiandike “shujaa” pekee. Andikeni: alizalisha akina mama wa mtaa huu kuanzia lini hadi lini. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 2.5 hadi 3, kwenye kimo cha sentimita 140 hivi ili mtoto na mzee wasome. Wekeni namba ya jalada na mahali lilipo. Msimbo wa kuskani kwa simu hufaa ukiwa umechomwa kwenye kigae. Wa karatasi hufa kwa jua.

Mchoro ni mali ya nani, na ukuta ukivunjwa?

Mchoraji hubaki na haki miliki isipokuwa ameihamisha kwa maandishi. Kubalianeni kabla: nani apige picha za kuuza, nani aruhusiwe kurekebisha, na mwenye nyumba atoe taarifa siku 30 kabla ya kupaka juu au kuvunja.

Jiandaeni siku ile ile unapomalizika. Pigeni picha ukiwa kivulini, kamera sambamba na ukuta, kila picha ikiingiliana na ya jirani kwa asilimia 60, na kadi ya rangi ikionekana kwenye ya kwanza. Hifadhini karatasi ya miraba, majina na namba za rangi kutoka kwenye makopo, na uwiano wa kila mchanganyiko. Pakeni kila rangi kwenye kipande cha ubao wa sentimita 5 kwa 5, kiandikwe nyuma, kiwekwe gizani ndani ya jalada. Rangi ya ukutani itakapopauka, fundi ataulinganisha mchanganyiko wake na kipande hicho, kwa sababu ukutani hapatakuwa na rangi halisi ya kuiga.